Mara Tatu kwa Švestka

Švestka ni tunda dogo la zambarau,
na ndilo jina Radovan alilompa chatu wake
siku alipomleta ndani ya foronya, tramu ya mwisho,
Ostrava yote ikiwa nyeupe, theluji ikianguka kwa ubavu.
Mkewe alikuwa amekwisha kuondoka.
Au aliondoka kesho yake. Sikuuliza.

Mimi Zdislava, jirani wa chini.
Miaka thelathini na mmoja nilipiga picha za mifupa hospitalini,
nikiwaambia watu: vuta pumzi. Ishike. Basi, pumua.
Ndiyo maana akanigongea mlango.
"Wewe hutuliza watu," akasema. "Njoo umtulize huyu."

Shida ni magamba.
Humeta kama petroli juu ya dimbwi:
taa ikigusa mgongo, mgongo unateketea, hubaki weupe mtupu;
ukiipunguza, tumbo linazama, jicho linazama,
na vile vishimo vya mdomoni anavyohisia joto
vinageuka usiku.
Kamera haina mboni ya kubembeleza.
Basi tunampiga mara tatu:
moja ya haraka, kwa ajili ya mng'aro,
moja ya kati, ya watu wa kawaida,
na moja ya polepole, inayoshuka gizani kuokota.
Kisha kompyuta huzilaza zote pamoja
kama watoto watatu kwenye kitanda kimoja,
na asubuhi anaamka mmoja.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Lenzi huambiwa, tena mara tatu, tena isitikisike.

Jumanne ya kwanza tulipata nyoka mwenye ndimi tatu,
kila ulimi na panda yake.
Ya pili, mbavu zilipanda katikati ya kazi
na magamba yakafumana ovyo, sweta la mlevi.
Radovan alicheka mpaka kikohozi cha makaa kikamkamata,
akashika ukingo wa meza, akangoja kipite.

"Kule chini," akasema, "taa ya kofia huona jiwe.
Aliye kando yako haimwoni.
Ctibor alikuwa kando yangu."
Nikarekebisha stendi isiyohitaji kurekebishwa.

Dada yangu akapiga simu kutoka Opava:
aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Yeye hajaumwa na kitu. Hushtukia bomba la bafuni.

Februari, macho ya Švestka yakaingia maziwa.
Akagoma kula, akajificha chini ya gome.
Siku ya tisa, Radovan akashuka ngazi na kandambili,
gamba zima mikononi, limepinduka nje-ndani
kama soksi, hata vifuniko vya macho vimo.
Tukalitandaza kitini, tukalipiga.
Picha tatu zikakutana unywele kwa unywele.
Hakuna mzimu, hakuna ulimi wa ziada,
kila gamba kwenye chumba chake, safi kama dirisha.
Akaitazama mpaka chai yake ikapoa.
"Imetulia mno," akasema. "Ifute."

Basi tukamleta mwenyewe, mpya, angali na harufu ya unyevu.
Hakutaka meza. Alitaka joto,
akajizungusha mkono wa Radovan, kichwa juu ya kifundo,
akakaa.
Nikasogeza lenzi hadi nikaona pumzi yangu kwenye kioo.
Vuta pumzi, nikasema. Ishike.
Sikuwa nikimwambia nyoka.

Moja.
Mbili.
Ya tatu ni ndefu, nimeshasema, na mapafu yake nayajua,
yangekuwa yangu ningeyaandikia cheti.
Akashika.

Kwenye picha ulimi umetoka mara mbili. Nimeuacha.
Mgongo una rangi zote za mafuta na mvua,
na chini yake, pale picha ya polepole ilipofika,
kwenye ngozi ya kifundo, nukta za buluu:
makaa yaliyoingia jerahani mwaka ule, yakafunikwa, yakabaki.
Sikuwahi kuyaona, na chumvi humpa mkono kwa mkono.

Pumua, nikasema. Radovan, pumua.
Švestka alikuwa ameshaanza kuingia ndani ya mkono wa shati.